Kila Kitu Mahali Pake, kwa Uamuzi wa Nani?

Mtu anayetumia Windows 11 akitaka kishale cha kipanya kiende kasi, hufungua mipangilio, huingia sehemu ya Bluetooth na vifaa, kisha huchagua kipanya. Akitaka kishale hicho hicho kiwe kikubwa ili macho yake yakione vizuri, itambidi atoke hapo aende sehemu ya ufikivu, kwenye ukurasa mwingine kabisa. Akitaka kurekebisha kasi ya kubofya mara mbili, atabofya mstari unaomwahidi mipangilio zaidi ya kipanya, na hapo litamfungukia dirisha dogo la Control Panel, lenye vichupo anavyovijua kila aliyetumia kompyuta miaka ya tisini. Kipanya ni kimoja na mkono unaokishika ni mmoja, lakini mambo yake yamewekwa mahali patatu. Kila mgawanyo una sababu yake: kasi imehesabiwa kuwa jambo la kifaa, ukubwa jambo la macho, na vilivyosalia ni urithi ambao haujahamishwa. Ukiuliza ni kipi kati ya hivyo kilicho mahali pake hasa, umegusa swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, yaani kama vitu vina mafungu yake ya asili, au mafungu huwa tunayatia sisi.

Plato alikuwa na jibu. Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, Socrates anamtaka mwenye kugawanya mambo afuate viungo vyake vya asili, asiwe kama mchinjaji asiyejua kazi anayevunjavunja mifupa. Picha hiyo ina nguvu, maana kila aliyewahi kutazama ng'ombe akikatwa anajua kuwa kisu kikipita kwenye kiungo hakihitaji kulazimishwa. Wabunifu wa kompyuta, hata wale ambao hawajamsoma Plato, huzungumza kama wafuasi wake. Husema kwamba menyu nzuri ni ile inayoeleweka yenyewe, na kwamba kazi yao ni kutafuta mahali ambapo mambo yanaachana kwa asili na kupitisha kisu hapo. Dai langu ni kwamba mipangilio ya kompyuta haina viungo vya namna hiyo. Hata hivyo siungani na wale ambao, wakishakubali hilo, husema basi mpangilio wowote ni sawa na mwingine. Mpangilio wa menyu ni ahadi ambayo mtengenezaji humpa mtumiaji, na kama ilivyo kwa ahadi yoyote, tuna haki ya kuuliza ilitolewa kwa kumjali nani, na kama imetunzwa.

Tuanze na hilo la kueleweka yenyewe. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh katika kampuni ya Apple mwaka 1979, aliandika makala fupi mwaka 1994 kuipinga sifa hiyo ambayo kila muuzaji wa programu huitangaza. Hoja yake ilikuwa kwamba tunapokisifu kitu kuwa kinaeleweka bila kufundishwa, tunachosema kwa kweli ni kuwa kinafanana na kitu tulichokwisha kukizoea. Macintosh yenyewe, ilipotoka Januari 1984, inamuunga mkono. Mipangilio yake ilikaa kwenye ubao mmoja tu uliopambwa kwa michoro ya Susan Kare, karibu bila neno hata moja. Kasi ilionyeshwa kwa picha ya kobe upande wa polepole na sungura upande wa haraka. Mtoto wa Kilwa au wa Kisumu aliyekuzwa na hadithi za sungura na kobe angeielewa papo hapo, na angedhani picha zimejieleza. Lakini picha hizo zilisimama juu ya hadithi ambayo mchoraji na mtazamaji waliishaisikia kabla hawajaiona kompyuta. Ambaye hadithi hiyo haikumfikia angeona wanyama wawili tu.

Mwaka 2011 ulitoa ushahidi ulio wazi zaidi. Apple ilipotoa OS X Lion mwezi Julai mwaka huo, iligeuza mwelekeo wa kusogeza kurasa: ukurasa sasa ulifuata kidole, kama unavyofanya kwenye simu, na mtindo huo ukaandikwa kwenye mipangilio kuwa ndio mwelekeo wa asili. Watu waliokuwa wametumia ule wa mwanzo kwa miaka mingi waliona mambo yamepinduka, na vidole vyao vikawa vinakwenda kusiko. Muda si mrefu vidole vikazoea, na wale wale wakirudi kwenye kompyuta ya zamani wakaona hiyo ndiyo iliyopinduka. Kama asili ingekuwa upande mmoja, isingehamia upande wa pili kwa mazoea tu.

Na mazoea hayo hayafanani kati ya mtu na mtu. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu majina ambayo watu huyapa vitu bila kuelekezwa. Walichunguza mambo ya aina nyingi, kuanzia amri za kuhariri maandishi hadi mapishi na matangazo ya bidhaa za kuuza, wakakuta kwamba uwezekano wa watu wawili kukitaja kitu kimoja kwa neno moja ulikuwa chini ya asilimia 20. Hebu lichukue tokeo hilo ulipeleke kwenye menyu. Muda ambao skrini hukaa kabla ya kuzimika yenyewe uwekwe wapi? Anayewaza betri atautafuta kwenye umeme, anayewaza kioo atautafuta kwenye skrini, na anayeogopa mtu mwingine asije akaketi kwenye kompyuta yake atautafuta kwenye usalama. Wote watatu wana akili timamu na wote wana sababu. Mbunifu anayejiuliza angekiweka wapi kitu, kisha akakiweka hapo kwa imani kwamba kila mtu atakitafuta hapo hapo, atakuwa amewakosa wengi kuliko aliowapata. Hata akifanya ile kazi ya kuandika kila mpangilio kwenye kadi na kuwaomba watumiaji wazipange mafungu, atapata mafungu yanayopishana, na mwishowe lazima achague. Kuchagua kwake ni uamuzi juu ya nani atarahisishiwa na nani atahangaika, kwa hiyo si jambo la ufundi peke yake.

Msomaji wa Kiswahili ana ushahidi mwingine kinywani mwake. Mti, mkate, moto, mwezi na mkono vimo katika ngeli moja, na hakuna tabia ya asili inayoviunganisha vyote. Mfumo wa ngeli haukosi mantiki kabisa: kifaru na kiboko, kwa kuwa ni viumbe hai, huchukua upatanisho wa watu na wanyama ingawa maumbo yao yanafanana na ya kiti na kitabu, na wanaisimu wanaweza kueleza mengi kuhusu historia ya mafungu haya. Lakini mtoto hangoji maelezo hayo. Husema mkate umeungua kabla hajajua kuwa kuna kitu kinachoitwa ngeli, kwa sababu kila anayemzunguka husema hivyo, leo kama jana. Anachofundishwa nacho ni uthabiti. Kama kungekuwa na baraza lenye uwezo wa kuuhamisha mkate kwenda ngeli nyingine kila baada ya miaka michache, hata kwa hoja nzuri sana, watoto wangechelewa kusema na watu wazima wangeanza kusitasita. Utaratibu usio na msingi katika asili unaweza kumtumikia mtu maisha yake yote, mradi wanaoutumia wauamini.

Hapa huja pingamizi la kwanza: kama yote ni mazoea, basi tupange kwa alfabeti tuyamalize. Wapo waliojaribu. Programu ya System Preferences, iliyokuja na Mac OS X mwaka 2001, ilimruhusu mtu kuzipanga aikoni kwa mafungu au kwa alfabeti. Alfabeti ina uadilifu wake, maana haimpendelei yeyote, lakini haivumilii kuhama lugha: kilichokuwa karibu na mwanzo wa orodha kwa Kiingereza huangukia mwishoni kwa Kiswahili, na fundi anayemwelekeza mteja kwa simu hawezi tena kumwambia kitu kiko wapi. Zaidi ya hayo, mazoea yenyewe yana mipaka inayowekwa na akili na mwili. Eleanor Rosch na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba watu wana ngazi moja ya kutaja vitu ambayo huijia akili kwanza, nayo iko katikati: mtu huona kiti kabla ya kuona fanicha, na kabla ya kuona kiti cha jikoni. Fungu lililo juu mno halishiki kitu akilini. Apple ilipobadilisha System Preferences kuwa System Settings katika macOS Ventura, Oktoba 2022, tarehe na saa, ambazo zilikuwa na aikoni yao wenyewe, ziliingizwa ndani ya fungu la mambo ya jumla pamoja na lugha, hifadhi na visasisho. Fungu la jumla ni la kila kitu, kwa hiyo haliwezi kumwambia mtu kilichomo.

Mpaka mwingine unawekwa na nia. Mtu hafungui mipangilio ili atalii muundo wa mashine. Anakuja na haja: sauti haitoki, printa haionekani, maandishi ni madogo mno. Mzee anayetaka maandishi makubwa kwenye Windows 11 atakuta njia mbili. Ipo ya kukuza kila kitu kilichomo kwenye skrini, iliyowekwa kwenye mfumo chini ya skrini, na ipo ya kukuza maandishi peke yake, iliyowekwa kwenye ufikivu. Kwa mhandisi hizo ni kazi mbili zenye programu mbili nyuma yake, na kuzitenganisha ni ukweli mtupu. Kwa mzee haja ni moja. Kwa hiyo ninapokana kuwapo kwa viungo vya asili sisemi kwamba hakuna mpangilio mbaya. Mpangilio unaomlazimisha mtumiaji ajifunze jinsi kampuni ilivyogawanya idara zake au mhandisi alivyogawanya programu zake ni mbaya, kwa sababu umesahau mtu aliyekuja na haja yake.

Fikra hii ina wenyeji wake katika pwani yetu. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea Afrika Mashariki, wana kanuni kuu tano wanazorejelea katika kutatua mambo, na mbili kati yake zinahusika hapa moja kwa moja. Ya kwanza husema mambo hupimwa kwa makusudio yake. Nyingine husema desturi ni hakimu: watu wakiwa wameishi kwa utaratibu fulani katika kuuziana na kupangishana, utaratibu huo una nguvu ya sharti hata kama haukuandikwa, na anayeuvunja ghafla amemdhulumu mwenzake aliyeutegemea. Jalaluddin al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alizieleza kanuni hizi kwa kirefu, na dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za madai kati ya 1869 na 1876 iliziweka mwanzoni kabisa. Wanazuoni hao hawakudai kwamba desturi ni ya asili au kwamba ni ukweli wa milele. Walijua fika kuwa desturi ya Basra si ya Misri. Walichotambua ni kwamba utegemezi wa mtu juu ya utaratibu uliozoeleka ni kitu chenye thamani, na kinadai ulinzi. Sioni kwa nini wanaotengeneza mifumo inayotumiwa na mamilioni ya watu wasibebe wajibu wa aina hiyo.

Tuipime historia ya Windows kwa kipimo hicho. Control Panel imekuwapo tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Windows XP, mwaka 2001, iliipanga upya kwa mafungu, lakini ikaacha pembeni kiungo cha kurudi kwenye mtindo wa zamani. Huo ulikuwa uungwana: mpya ikapendekezwa na ya zamani ikaheshimiwa. Windows 8, mwaka 2012, ilileta programu ya pili ya mipangilio bila kuiondoa ya kwanza. Windows 10, mwaka 2015, ikaipanua hiyo ya pili, na Windows 11 ikaendelea nayo mwaka 2021. Kwa zaidi ya miaka kumi mambo yamekuwa yakihamishwa mafungu kwa mafungu, kila sasisho likichukua kipande, na mtumiaji hana njia ya kujua ni lipi limehama na lipi bado. Wanaoitetea kampuni husema mabadiliko ya polepole yana huruma kuliko ya ghafla. Ningekubali kama kila hatua ingeacha pa kushika. Nyumba mbili zisizo na mpaka unaoeleweka humnyima mtu ile faida pekee ambayo desturi ilikuwa nayo, ya kujua aanzie wapi. Ventura ilikata mara moja, nayo ikalalamikiwa sana; lakini angalau aliyejifunza upya alijifunza mara moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na husemwa na watu makini: siku hizi kuna kisanduku cha kutafutia, kwa nini tugombanie mafungu? Mac OS X Tiger, mwaka 2005, iliweka utafutaji ndani ya mipangilio, ukiandika neno aikoni zinazohusika zinamulikwa na nyingine zinafifia. Leo kila mfumo unao, na ni msaada wa kweli ambao hakuna sababu ya kuubeza. Lakini Plato yule yule, katika mazungumzo mengine yaitwayo Meno, anaweka fumbo linalofaa hapa: mtu atakitafutaje kitu asichokijua? Kama anakijua hana haja ya kutafuta, na kama hakijui hatakitambua hata akikikuta. Kisanduku cha kutafutia humtumikia anayejua jina. Ambaye skrini yake imegeuka ya njano jioni, na hajui kwamba kuna kitu kinachoitwa mwanga wa usiku kilichowekwa makusudi ili macho yapumzike, ataandika nini? Ataandika njano, au kuharibika. Na tayari tumeona kwa Furnas kwamba hata wanaojua kitu hawakiiti jina moja. Kwa mtu huyu menyu ina kazi ambayo utafutaji hauwezi kuifanya: kumwonyesha yaliyopo na kumfundisha majina yake. Akipita kwenye ukurasa wa skrini atayaona maneno mwanga wa usiku yakiwa jirani na ung'avu, na ujirani huo ndio utakaomweleza maana. Hilo ndilo jibu la fumbo la Meno kwa upande wa kompyuta: hujui unachotafuta, lakini unakijua kilicho jirani yake. Mpangilio mbaya huuvunja ujirani huo, na hapo hata utafutaji hautakuokoa.

Kuna wanaosema tatizo liko kwenye wingi. Havoc Pennington, mmoja wa wahandisi wa GNOME, mazingira ya kazi yanayotumiwa kwenye Linux, aliandika mwaka 2002 kwamba kila mpangilio unaoongezwa una gharama: unahitaji kupimwa pamoja na mingine yote, unajaza madirisha, na mara nyingi ni njia ya mtengenezaji kukwepa kuamua. GNOME ikapunguza mipangilio kwa ukali, na Desemba 2005 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, akawashauri watu hadharani watumie KDE, mazingira shindani, badala yake, akilalamika kwamba GNOME inawachukulia watumiaji kama wajinga. Nadhani Pennington alikuwa na haki zaidi ya nusu. Orodha fupi hupangika. Ila uamuzi haupotei kwa kufutwa kwenye menyu. Unahamia kwenye chaguo-msingi, yaani hali ambayo mtu huikuta. Na hali hiyo ina nguvu kubwa mno. Eric Johnson na Daniel Goldstein walionyesha mwaka 2003 kwamba Ujerumani, ambako mtu alipaswa kujiandikisha ili awe mchangiaji wa viungo baada ya kufa, waliokubali walikuwa asilimia 12, na Austria, ambako alihesabiwa kuwa amekubali mpaka akatae, walikuwa zaidi ya asilimia 99. Mataifa ni jirani na lugha ni moja. Anayefuta mpangilio amewaamulia wengine moja kwa moja, hivyo wajibu wake umeongezeka.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: anayetukuza desturi anawafunga watu kwenye makosa ya waliotangulia. Mfano wake mkubwa uko maktaba. Melvil Dewey alipochapisha mfumo wake wa kupanga vitabu mwaka 1876, aliipa dini namba za mia mbili, na sehemu kubwa ya namba hizo ikaenda kwa Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote za dunia zilisongamana kwenye namba za 290, Uislamu ukipata 297, na dini za jadi za Afrika zikiingia ndani ya 299, kwenye fungu la zilizobaki. Kwa Dewey huo ulikuwa mpangilio unaoeleweka wenyewe. Kwa mkutubi wa Zanzibar au Mombasa ni mpangilio unaomwambia kuwa yeye yumo kwenye mengineyo. Je, tuutunze kwa sababu umezoeleka?

Jibu limo katika kanuni zile zile za fikihi, maana pamoja na ile ya desturi iko inayosema madhara lazima yaondolewe, na desturi inayodhuru haina hukumu. Ahadi mbaya haiwi nzuri kwa kuzeeka. Sehemu ya ufikivu ni mfano mzuri wa pande zote mbili. Kuwawekea wasioona vizuri na wasiosikia vizuri mahali pao pa wazi, pasipofichwa, ni hatua ya haki. Mtu asiyeona haifai aanze kwa kupekua kurasa kumi kabla hajawasha sauti inayomsomea skrini. Lakini ukubwa wa maandishi ukiwekwa huko peke yake, yule mzee wa hapo juu ambaye hajihesabu kuwa na ulemavu hatakwenda, na kijana ambaye angepunguza uchovu wa macho hatajua kuwa inawezekana. Dawa yake ni nyepesi: kitu kimoja kiwe na milango miwili, kwenye skrini na kwenye ufikivu, yote ikielekea chumba kimoja. Karatasi katika rafu haiwezi kukaa mahali pawili. Mpangilio wa kompyuta unaweza, na wabunifu wamekuwa wachoyo wa uwezo huo. Desturi inapolazimika kuvunjwa, mahali pa zamani pabaki na maelekezo ya mahali papya, kwa miaka, si kwa miezi.

Kwamba haya ni mambo ya haki, hata vyombo vya sheria vimeanza kuona. Januari 2022 mamlaka ya kulinda data ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kwenye tovuti zao kukubali kufuatiliwa kulikuwa kwa kubofya mara moja na kukataa kulihitaji hatua kadhaa. Chaguo la kukataa lilikuwapo. Kilichoadhibiwa ni mahali lilipowekwa. Huo ulikuwa ukurasa wa tovuti, lakini hoja inahamia kwenye mfumo endeshi bila kupoteza chochote. Mipangilio ya faragha ikiwa kwenye ngazi ya nne na ya rangi ya dirisha ikiwa kwenye ya kwanza, mtumiaji amekwisha kuambiwa kipi anaruhusiwa kukijali.

Kiswahili nacho kimeshaingia kwenye kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo simu na kompyuta nyingi zimepata maneno kama mipangilio, faragha na ufikivu. Hata hivyo tafsiri huyarithi mafungu jinsi yalivyo: majina hubadilika, rafu hubaki. Na mtumiaji aliyefundishwa njia kwa Kiingereza hupotea menyu inapogeuka Kiswahili, si kwa sababu hajui lugha yake, bali kwa sababu ahadi aliyoizoea imebadilishwa bila yeye kuonyeshwa. Ninawaomba wanaotafsiri na wanaotengeneza programu kwa ajili yetu wafanye mambo mawili kabla ya kutoa toleo jipya. Utafutaji ukubali maneno yote mawili, la Kiingereza lililozoeleka na la Kiswahili lililowekwa, pamoja na yale ambayo watu huyasema mtaani. Na kila kitu kinachohamishwa kiache kiungo mahali kilipokuwa, kinachofanya kazi, mpaka watumiaji wenyewe waache kukipitia.